Maoni Chini ya Tanzia

Ijumaa, 1 Juni 2007

Siku ya ishirini na saba tangu mke wangu Tamima atangulie mbele ya haki.

Tanzia yake katika blogu yangu ina maoni kumi na moja. Kumi na moja! Matatu ni yangu mwenyewe, nikiwashukuru waliobaki. Mabrouk alipofiwa na shangazi yake, bibi asiyejulikana na yeyote nje ya mtaa wa Malindi, watu sitini na wanne walimpa pole katika baraza lake la mtandaoni. Mabrouk ni mstaafu wa posta. Baraza lake limejaa mpira, harusi na nani kamwacha nani, na huko ndiko mji mzima ulikohamia. Mimi, mwalimu mstaafu, nimeandika miaka mitatu juu ya majina ya mitaa yetu. Hawaji.

Si hesabu inayoniuma. Inaniuma kidogo. Kinachoniuma hasa ni Asila, binti yangu aliyeko Maskati. Tangu mazishi hapokei simu yangu. Kila Ijumaa huandika chini ya tanzia, wala haniandikii mimi. Humwandikia mama yake. Leo ameandika: "Mama, nisamehe, sikukuzika." Nikamjibu hapo chini, aya mbili zilizonyooka. Hakurudi kuzisoma.

Ana haki yake. Siku ya msiba, kabla ya kumpigia simu, nilipanda juu nikaandika tanzia. Saa nzima. Nilitaka isiwe na kosa hata moja. Mwenzake wa kazini aliiona kwanza, akampa pole ofisini mbele ya watu. Asila akamuuliza pole ya nini.

Jumamosi, 2 Juni 2007

Nimepata dawa! Kuna programu ya kuunganisha blogu na baraza la mtandaoni. Mtu akiandika barazani, maneno yake hutokea pia chini ya makala yako. Na kila aliyeandika hupelekewa barua pepe pale anapojibiwa. Yaani nikimjibu Asila, jibu langu litamfuata mpaka kazini kwake, atake asitake.

Nimekwenda kwa Mabrouk. Habari ya Asila sikuitaja. Nimemwambia nataka kulipa baraza lake hadhi kidogo. Akacheka mpaka kahawa ikampalia. Akaniuliza si mimi niliyewaita watu wake wahuni wasiojua hata kusalimu, na leo nimekuja kuwaazima? Nilikanusha. Nilisema wengi wao, sikusema wote.

Hata hivyo akanipa neno la siri la msimamizi. Alinisihi nianze kwa kujaribu na makala moja isiyo na maana. Akaongeza kwamba sitapata taabu kuipata. Nimeondoka bila kumaliza kahawa.

Jumatatu, 4 Juni 2007

Kazi imefanyika. Kwa mkono wangu, bila msaada wa mtu.

Sikujaribu kwa makala nyingine. Ya nini? Nimekwenda moja kwa moja kwenye tanzia. Programu ikauliza niiunganishe na mada gani barazani. Ningeweza kufungua mada mpya, lakini mada mpya huanza na sifuri. Sifuri chini ya jina la mke wangu! Nikachagua mada kubwa kuliko zote, "Mazungumzo ya Kila Siku". Ina majibu mia tisa na ushei. Sasa chini ya tanzia pameandikwa mia tisa na ushei. Mabrouk abaki na sitini na wanne wake.

Ikauliza tena: walioko pande zote mbili wenye anwani moja ya barua pepe, wahesabiwe kuwa mtu mmoja? Swali la kitoto. Nikabofya ndiyo.

Jumanne, 5 Juni 2007

La haula!

Lazima nieleze kwa utaratibu. Mjukuu wangu naye anaitwa Tamima. Alipewa jina la bibi yake, kama ilivyo desturi yetu, na nyumbani tunamwita Tamima mdogo. Anasomesha chekechea Mwanakwerekwe. Marehemu hakuwa na barua pepe wala hakujua kupiga chapa. Alipotaka kusema neno katika blogu yangu alimtamkia mdogo, na mdogo akaandika. Mara nyingi neno lenyewe lilikuwa kwamba chai inapoa, niteremke. Mimi nipo juu naandika, yeye yupo chini ukumbini, na ujumbe unapitia mtandao wa dunia nzima. Nilimkataza. Hakukatazika.

Anwani aliyoitumia mdogo kumsajili bibi yake ilikuwa ya mdogo mwenyewe. Na ndiyo hiyo hiyo anayoitumia barazani kwa Mabrouk. Programu imetii. Imewafanya mtu mmoja, jina moja, picha moja. Picha ya marehemu.

Jana mdogo alikuwa barazani, anamhadithia shoga yake harusi ya Wafaa iliyofanyika Kizimkazi. Basi leo, chini ya "Mama, nisamehe, sikukuzika," ipo sura ya mke wangu, mtandio umemkaa vizuri kichwani, na maneno haya: "Hukukosa kitu, shoga. Watu kiduchu, na pilau mbichi."

Chini yake tena: "Mie nshaondoka zangu. Hapa nilipo raha mustarehe."

Nimeisoma mara tatu. Ndivyo hasa angelisema. Miaka arubaini na moja sikupata kumsikia akiisifu pilau ya mtu mwingine. Ilinipasa nifute pale pale. Sikufuta. Nilikaa nikiitazama mpaka ikaadhiniwa Adhuhuri, Mungu anisamehe.

Jumatano, 6 Juni 2007

Asila amepiga simu! Mara ya kwanza kwa mwezi mzima. Nilisimama kuipokea.

Hakuamkia. Alisema jana ilimfikia barua pepe akiwa kazini, yenye maneno mawili: "Tamima amekujibu." Kisha akasema kwamba yeye si mtoto, anajua aliyekufa hajibu. Lakini kwa muda ule wa kuifungua barua, aliamini. "Nliamini, Baba."

Nikamweleza habari ya anwani za barua pepe. Nilimweleza kwa kirefu, kwa sababu jambo lenyewe lina hatua nyingi. Nilikuwa nimefika kwenye hatua ya nne aliponikata kauli. Alitaka kujua jambo moja tu. Kwa nini sikumpigia simu yeye kwanza?

Nikamjibu kwamba tanzia ilikuwa tayari.

Halikuwa jawabu. Jawabu ni kwamba kuandika niliweza. Niliishika simu mara mbili siku ile, na mara mbili ulimi ukagoma kulitoa lile neno. Haya sikumwambia. Nayaandika hapa.

Asila akasema basi, kama hilo ndilo jawabu, tusichoshane. Akakata.

Alhamisi, 7 Juni 2007

Nimeamua kutenganisha kila kitu na kurudisha heshima ya tanzia. Programu ikauliza: majibu yaliyounganishwa yafutwe? Nikabofya ndiyo.

Yamefutwa. Mia tisa na ushei ya barazani. Maoni yote kumi na moja ya tanzia. Barua za Asila kwa mama yake. Na kwa kuwa Tamima wawili walikuwa wamekwisha kuwa mtu mmoja, kila neno la marehemu tangu siku ya kwanza ya blogu nalo limehesabiwa la kuunganishwa, likafutwa.

Kabla ya Alasiri Mabrouk alikuwa mlangoni. Nilijitayarisha kwa ugomvi. Hakugomba. Alisema watu wanamlilia, na yupo mmoja, Usi wa Mkunazini, aliyekuwa ameposa mle barazani na sasa upande wa mke wanasema hawakumbuki. Lakini lake si kubwa. Posta ilimfundisha kuweka nakala ya kila kitu, na kila Jumapili hunakili baraza zima. Litarudi.

Nikamuuliza na pole za Tamima je? Na barua za Asila? Akatazama chini. Nakala yake ni ya Jumapili. Mimi niliunganisha Jumatatu. Ya kwangu hayakuwamo.

Akakaa nami kitambo, wala hakufanya mzaha. Wakati wa kuondoka akanishika bega, akasema: "Mwalimu, mpigie mwanao. Usimwandikie. Mpigie." Nikamwambia nitalifikiria. Huyu naye, kufunga na kufungua barua za watu miaka thelathini kumemfanya adhani ni mshauri.

Alhamisi, 14 Juni 2007

Arubaini ya Tamima. Hitima imesomwa baada ya Adhuhuri. Watu walijaa mpaka barazani nje ya nyumba. Pilau iliiva.

Asila amekuja!

Hakumwambia mtu ila Tamima mdogo. Kazini wamempa ruhusa ya siku moja. Amefika kwa ndege ya asubuhi na anarudi kwa ya jioni. Nilikutana naye ukumbini wageni walipopungua. Alinibusu mkono, akasema shikamoo. Nikasema marahaba. Akasimama akanitazama usoni, kama mtu anayesubiri. Nikamuuliza habari za safari. Akasema nzuri, akaendelea kusimama. Nikamuuliza kama Maskati kuna joto. Akasema lipo. Macho yalikuwa yamemwiva. Nikamwambia nina kazi kidogo juu, mara moja tu.

Nimepanda. Nimeandika barua ya kuomba radhi, aya nne. Nimesema yote: simu niliyoishika mara mbili, ulimi uliogoma, ofisi ile na watu wale, na maneno ya mama yake niliyoyapoteza. Sijapata kuandika kitu cha kweli kama hiki. Nimeipitia mara mbili, haina kosa.

Nimeibandika kwenye blogu. Safari hii sikufanya pupa. Nimeiunganisha na mada mpya, peke yake, na nimehakikisha kwamba barua pepe imekwenda kwa Asila.

Tamima mdogo amepanda. Anasema shangazi yake anauliza Babu anafanya nini, na taksi ya uwanja wa ndege imekwisha kufika. Nikamwambia namwandikia. Akasema: "Babu, si yuko chini hapo!" Nikamwambia najua yuko wapi, na amwambie afungue barua pepe yake. Akanitazama vibaya, akateremka.

Nausikia mlango mkubwa ukifunguliwa. Sauti za wanawake zinaagana.

Nimefungua ukurasa upya mara tano. Hajajibu. Huenda mtandao wa nyumbani ni mzito leo. Nitampa mpaka Magharibi.