Mbuzi Ishirini wa Biliqo

Jumatatu, 4 Machi 2019
Bosi wetu, Bi Habibo, ametoa kazi. Barua arobaini za kualika vijiji kwa kikao cha bajeti ya kaunti. Mimi ishirini, karani mwenzangu Nyaguthii ishirini. Atakayefanya vizuri ataajiriwa. Mwingine, kandarasi ikiisha, aende nyumbani. Nyaguthii anachapa moja moja, kama anayechambua mchele. Maskini! Mimi nimegundua makro. Unaandika barua moja huku kompyuta ikirekodi, halafu zingine inaandika yenyewe. Jina la kijiji inatoa kwa orodha. Namba ya barua inaongeza moja kila mara. Nimeenda zangu mtaa wa Wabera kunywa chai.

Jumanne
Zangu zimeisha asubuhi. Nimesoma ya kwanza: "Barua namba 1. Kijiji chenu kitachinjiwa mbuzi 1." Safi. Kusoma zingine ni kuikosea kompyuta heshima. Nimezituma zote. Nyaguthii bado yuko kwa ya saba, nikampa pole. Ati haraka haraka haina baraka. Nimemwambia methali hiyo ilitungwa kabla ya stima.

Alhamisi
Wazee wa kijiji cha Kinna wamempigia bosi simu. Kwa nini wao wameahidiwa mbuzi tisa na Biliqo ishirini? Nikafungua barua. Lo! Makro iliongeza moja kwa kila namba iliyoona. Mbuzi pia. Biliqo walikuwa mwisho wa orodha. Nimemweleza bosi kwamba anayetoka mbali hufika na njaa zaidi. Akafikiria kidogo. Nilidhani nimepona. Nyaguthii akaleta barua zake, zote mbuzi mmoja mmoja, na hakuna aliyemwomba azilete.

Ijumaa
Kikao. Biliqo wamefika na lori zima na bibi harusi ndani. Walipoona mbuzi ishirini kwenye barua, wakaihamishia harusi kwenye kikao cha bajeti. Bwana harusi amenishika mkono akilia kwa shukrani. Bosi hakulia. Ametafuta mbuzi mji mzima, na barabara za vijijini zimejadiliwa katikati ya vigelegele. Jioni akatangaza: Nyaguthii ameajiriwa. Roho imeniuma, sifichi. Kazi hiyo niliitaka sana.

Jumatatu, 11 Machi
Kazi yangu ya mwisho: kwenda Biliqo kuomba msamaha ana kwa ana. Nimetoa salaam aleikum, nikainamisha kichwa. Mzee Elema, baba wa bwana harusi, amekataa msamaha wangu. Ati msamaha wa nini, ukoo wao haujawahi kula hivyo. Wamenipa chai ya maziwa ya ngamia, wakasema wamepata karani wao. Wanataka barua ya kuiomba serikali kisima. Majirani nao wanataka ya kwao, vijiji kumi na vitano.

Mtu ataandika hizo zote kwa mkono? Nimefungua kompyuta. "Tunaomba kisima 1." Makro nimeirekebisha kidogo. Ya kwanza imetoka safi, na zingine nimeshazituma.