Ushuru wa Mahamri ya Zakiya

Jumatatu, 7 Julai
Na wala sisemi mahamri ya jirani Zakiya ni mabaya. Yangekuwa mabaya ningelala usingizi. Nyale wangu, mume ambaye hata chumvi ya kazini ikimkaukia shingoni namwona sultani, kila asubuhi hununua mahamri na mbaazi kwake. Ati ndivyo watu wa huku Gongoni wanavyofungua kinywa. Kwetu Nyeri, kitu cha chai hupikwa na mke. Nimekumbuka somo la biashara, kidato cha nne: kiwanda kichanga hulindwa kwa kutoza bidhaa za nje ushuru. Kiwanda kichanga ni mimi. Nimetangaza: hamri la Zakiya likivuka kizingiti, Nyale atachota maji mtungi mzima. Akacheka, akaniita waziri wake. Jamani, meno yale.

Jumatano, 9 Julai
Maji yamejaa hadi kwenye masufuria. Analipa ushuru huku akiimba. Sasa nimeyapiga mahamri marufuku kabisa.

Alhamisi, 10 Julai
Uzalishaji umeanza. Unga tayari, iliki tayari, nazi tayari. Nikaenda kwa Zakiya kuazima mbuzi ya kukunia nazi, kama kawaida. Akasema kwa upole, Waruguru mwanangu, mbuzi yangu nayo imezuiwa mpakani. Kumbe Nyale kamsimulia. Nikakanda kwa maji matupu. Nyale akauma moja, akauliza tunajenga wapi. Lakini akala yote. Nikampenda upya.

Jumamosi, 12 Julai
Magendo! Shati la Nyale lanukia mbaazi. Amekiri anakula barazani kwa Zakiya, maana marufuku ni ya kizingiti chetu tu. Nikaenda kupambana. Nikaanza na shikamoo, nusu ya hasira ikaishia hapo. Zakiya akasema yeye hamtaki mume wangu, anaye wake na makelele yake yamtosha. Ila madera yake yamefumuka, nami nina cherehani. Nimshonee, anipikie, kila mtu afanye anachokiweza zaidi.

Jumapili, 13 Julai
Madera yameshonwa. Mahamri yamerudi, Nyale kanilisha la kwanza kwa mkono wake. Biashara huria ni tamu, sitazuia tena kitu maishani. Kisha akalamba vidole, akasema hata hivyo hakuna kama muhogo wa mama yake, na mama anatuma gunia.

Gunia zima.

Nimempigia mama mkwe kwa sauti ya asali. Nimemwomba asitume kwanza, kiasi cha muhogo kinachoruhusiwa tutakipanga ana kwa ana. Nitafika kwake Adu kabla mwezi huu haujaisha.