Majani ya Kufaa Mfalme

Jamani, leo nimeaibika. Na si aibu ya hivi hivi. Ni aibu ya mbele ya mfalme, kweupe, saa nne asubuhi.

Kwa wasionijua: mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Garissa, mzaliwa wa Likoni. (Shikeni hapo kwenye Kiswahili, mtanihurumia baadaye.) Huu ni mwezi wa saba tangu nimwoe Fartun, na kwa miezi yote hiyo baba yake, Mzee Dahir, hajaniita mkwe hata siku moja. Ananiita "ule mwalimu". "Ule mwalimu atakula?" Nami nipo, nina sahani mkononi!

Leo ukoo wao ulikuwa unamtawaza Ugaas mpya. Ugaas ndiye mfalme wa ukoo, na watu wametoka Bura, Hagadera, mpaka Wajir kuja kumshuhudia. Baada ya swala ya alfajiri Mzee Dahir akanivuta kando. Nikajua leo ndiyo leo: hii ni nafasi yangu ya kuwa mtu wa nyumba ile.

"Mwalimu, weye leta majani. Majani ya kufaa. Ya kufaa Ugaas. Bila majani, hakuna Ugaas. Umefahamu?"

"Nimefahamu, mzee. Tena sana!"

(Sikufahamu hata chembe. Lakini mimi kuuliza maswali ni mwiko, labda niwe natunga mtihani.)

Njiani nikawaza. Majani gani? Mirungi? Astaghfirullahi, na masheikh watajaa pale! Basi ni majani ya chai. Msomali na chai yake, nani asiyejua? Na mzee amesisitiza ya kufaa, yaani yanayomfaa mfalme, si lile vumbi tunalokunywa ofisini shuleni. Nikaenda sokoni, nikachukua kilo tatu za majani ya Kericho, daraja la kwanza. Nikaongeza sinia jipya. Nikaongeza kitambaa cha darizi cha kufunikia. Kazi ukimpa mtu wa pwani, mpe na nafasi ya kupamba.

Fartun akapiga simu. "Umepata majani?"

"Nimepata. Kilo tatu."

"Kilo?"

Mtandao ukakatika.

Uwanjani kulikuwa kumependeza. Mazulia yametandikwa, wazee na bakora zao na ndevu za hina, kina mama wanapiga vigelegele. Washairi wanapokezana kumsifu Ugaas, na kila ubeti watu wanaitikia. Kijana mmoja alikuwa laivu na simu yake: "Wenye mko Eastleigh, poleni, mambo ni huku!" Wanafunzi wangu nao walikuwa wamejipanga kwenye ua. Ugaas mwenyewe, mtu mtulivu wa makamo, amekaa katikati, nguo nyeupe, kichwa wazi.

Mshereheshaji akatangaza kwa Kisomali, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu wageni: "Majani yaletwe!"

Uwanja mzima ukasimama. Nikajiambia, loo, kumbe chai inaheshimiwa hivi!

Nikatembea juu ya zulia, sinia juu, kifua mbele. Vigelegele! Nikafika mbele ya sheikh mkongwe ambaye ndiye wa kumtawaza Ugaas. Macho ya sheikh hayaoni vizuri siku hizi. Nikafunua kitambaa. Mstari wa mbele ukanyamaza. (Nikadhani wameshangaa ubora.) Nikaona nimalize kazi, nikapasua pakiti moja nikamsogezea.

"Nusa, sheikh. Ya Kericho hiyo."

Sheikh akatia mkono, akachota kiganja kizima, "Bismillahi!" akammwagia Ugaas utosini.

Ugaas akapiga chafya. Mara tatu!

Mama mmoja akapaza sauti, tena kwa Kiswahili, ili nisikose kuelewa: "Kwani tunamtawaza ama tunampika?"

Uwanja ulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Dahir akaja mbio, bakora juu.

"Mimi nasema majani ya kufaa! Kufaa! Kufaa kichwani!" Huku anajipiga utosi.

Ndipo nikaelewa. Kuvaa. Majani mabichi ya mti! Hilo ndilo taji lao tangu enzi za mababu: Ugaas anavishwa majani mabichi kichwani. Mzee, kama wengi hapa, v yake hutoka f. Na mimi ndiye ninayesahihisha hiyo v darasani kila siku ya Mungu! Wanafunzi wangu wakaanza kule kwenye ua, kwa sauti yangu ileile ya darasani: "Rudieni! Vaa si faa!" Nikamtafuta Fartun kwa macho. Amejifunika uso kwa shela, mabega yanatikisika. Analia au anacheka, sikujua. Nikajiona niko kwenye basi la Mombasa, bila mke.

Vijana wawili wakakimbia kwenye mwarobaini kando ya uwanja, wakaja na matawi. Sheikh akapapasa, akatabasamu, akamvisha. Takbiri! Vigelegele! Wazee wanalia. Wallahi, hata mimi nilisisimka, nikiwa bado nimebeba sinia kama mhudumu wa hoteli.

Ugaas akachukua maikrofoni. Watu wakatulia wasikie neno lake la kwanza: amani, maji, malisho.

"Kabla ya yote," akasema, "kuna kesi. Huyu mtu ni wa nani?"

Hapo nikajua nimekwisha. Kwao mtu akikosa, ukoo wake ndio unaojibu. Na mimi ukoo wangu uko Likoni, pengine wanakaanga viazi saa hizo. Nikatazama chini.

Nikasikia bakora ikigonga.

"Ni yangu," Mzee Dahir akasema. "Ni mtoto yangu. Kosa yake, kosa yangu."

Ugaas akajifuta chai kwenye nyusi. "Basi faini ni chai. Majani ninayaona yapo. Mtapika nyinyi wawili, na mtahudumia kila mtu."

Tumepika tangu saa sita mpaka alasiri. Mzee anachochea kuni, mimi nakoroga. Akaonja ya kwanza, akakunja uso. "Sukari kidogo, mtoto yangu." Machozi yakanitoka. (Moshi. Msianze.)

Sasa naona kwenye magrupu mmeshaanza kuigiza "kufaa, kufaa". Nichekeni mimi. Baba yangu mwacheni.