Klipu Mia Moja na Kumi na Mbili za Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Siku tano tu! Jumamosi mama mkwe anaagwa hospitalini, anastaafu baada ya miaka thelathini na sita ya ukunga, na filamu ya kumuaga ni yangu. Niliombwa. Hapana, hii ni shajara, niseme kweli: niliinyakua. Shemeji, kaka yake mke wangu, alishafungua mdomo kusema ataifanya yeye, nikamuwahi. Yeye ana studio ya picha. Mimi nina laptopu na moyo.

Klipu mia moja na kumi na mbili! Wazazi aliowahudumia, watoto aliowapokea ambao leo wana ndevu, wote wametuma salamu kwa simu. Moja niliirekodi mwenyewe: mwalimu wake wa ukunga, bibi wa miaka tisini na moja, mgonjwa kitandani, kamera haipendi. Alisema maneno ya sekunde arobaini, akageukia ukutani. Hatarudia.

Nimeziingiza zote kwenye programu ya kuhariri. Nikabonyeza. Picha ikaganda. Mtu wa kwanza kabaki mdomo wazi kama anang'olewa jino.

Shemeji akaja kuazima pasi, akachungulia. Akasema video za simu zimekunjwa sana, kama nguo zilizobanwa kwenye sanduku dogo, na kompyuta inahangaika kukunjua kila picha. Nizikonvati kwanza, yaani nizigeuze ziwe za aina iliyokunjuliwa, ndipo nihariri. Nikamshukuru kwa adabu zote.

Sikonvati hata moja.

Jumanne, 4 Juni

Nimehariri tangu asubuhi hadi chakula cha mchana. Nimemaliza sekunde kumi na moja. Feni ya laptopu inanguruma. Mke wangu kauliza toka jikoni kama nimewasha mashine ya kusaga. Nikamjibu ndivyo kazi nzito inavyosikika. Akasema kwa mwendo huo Jumamosi nitakuwa na filamu ya dakika moja. Ni mwalimu wa hesabu. Vijana, fikirieni kabla ya kuoa mwalimu wa hesabu.

Alasiri nikaenda kwa fundi wa kompyuta. Nikamweleza shida ya rafiki yangu. Fundi akasema rafiki akonvati. Au atengeneze nakala nyepesi za kuhariria, kisha za asili zitumike mwishoni. Ila za asili asiziguse! Alirudia mara mbili. Halafu akauliza kama rafiki ndiye mwenye laptopu hii niliyoikumbatia. Nikasema kaniazima.

Kwa hiyo shemeji alikuwa sahihi. Amebahatisha tu.

Jumatano, 5 Juni

Mbinu mpya. Nitakonvati kwa siri, kisha nitatangaza kwamba sikukonvati. Hakuna atakayejua!

Mke wangu alipoondoka kwenda shuleni, nikajifungia chumbani. Klipu ya kwanza ikatoka kubwa mara kumi ya ilivyokuwa. Mshangao! Nilidhani kuilainisha ni kuipunguza. Kumbe nguo zikikunjuliwa zinajaza chumba. Kufika ya tisa, laptopu ikasema nafasi imekwisha.

Sikukata tamaa. Kwenye orodha ya ubora kuna "juu", "wastani" na "chini kabisa". Nikachagua chini kabisa. Faili zikatoka kama punje za mtama. Zinacheza bila kukwama! Nimehariri filamu nzima kabla ya saa kumi, kwa programu na kwa mbwembwe.

Kisha nikafuta za asili zote, za kwenye laptopu na za kwenye simu, na pipa la taka nikalimwaga. Shemeji akija kupekua, hatakuta ushahidi. Mimi wakati mwingine najiogopa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeunganisha laptopu na televisheni ya sebuleni. Niandike nini? Kwenye kioo kidogo watu walikuwa watu. Kwenye televisheni ni vigae. Yule bibi ni rundo la matofali, na sikuweza kujua mto unaishia wapi na bibi anaanzia wapi.

Nikampigia mjukuu wake kuomba bibi arekodiwe upya. Akasema bibi amekataa katakata, na siku hizi sauti yenyewe inatoka kwa shida.

Mke wangu akarudi. Nikamwambia huu ni mtindo wa kisasa. Akatazama televisheni kwa muda mrefu, akakaa chini na mkoba wake bado begani.

"Hata ya bibi?"

Nikasema hata ya bibi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza! Yule bibi ndiye aliyempokea mke wangu duniani, siku ambayo mama mkwe alikuwa mzazi, si mkunga. Sikulijua hilo mpaka leo. Kisha akachukua simu, akampigia kaka yake.

Nilioga muda mrefu kuliko kawaida.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji kaja na diski mkononi na pasi kwapani. Nilijiandaa kusimangwa. Kumbe Jumatatu, nilipokuwa natafuta ile pasi, alinakili klipu zote!

"Nakufahamu, shemeji," akasema. "Ndiyo maana nikanakili. Angekuwa mtu nisiyempenda, ningemwacha azame."

Nikamwekea chai.

Alishatengeneza nakala nyepesi studioni kwake, na za asili zimetulia salama. Tumehariri siku nzima bega kwa bega. Mikono yake ina kasi, lakini kati ya watu wale hamjui hata mmoja. Mimi nimeongea nao wote! Nikamwambia nani alizaliwa kwenye ngazi za hospitali, mapacha gani walipishana kuzaliwa kwa dakika hamsini, nani amepewa jina la mama mkwe. Akawa ananiuliza afuate yupi. Nikasema bibi awe wa mwisho. Akasema na yeye angefanya hivyo hivyo. Niliona raha, sitaki kusema uongo.

Jumamosi, 8 Juni

Ukumbi umejaa. Mama mkwe mstari wa mbele, na viatu vipya vinavyombana. Watu walicheka, wakapiga vigelegele, jamaa mwenye ndevu akalia waziwazi. Mwishoni bibi akatokea, safi, kila kunyanzi mahali pake:

"Siku ya kwanza mikono yako ilikuwa ya baridi, nikakutuma ukaipashe moto. Umewapokea wengi kwa mikono ya moto, mwanangu. Sasa pumzika."

Mama mkwe akaitazama mikono yake. Hata mimi kuna kitu kiliniingia jichoni.

Akauliza nani katengeneza. Shemeji akaninyooshea kidole. Ningeweza kumsahihisha, lakini mbele ya wageni si vizuri kubishana. Mama mkwe akanikumbatia, akaniita mwanangu. Mke wangu akanifinya, ila taratibu.

Jumapili, 9 Juni

Sifa zimesambaa! Mzee jirani kagonga mlango asubuhi hii na boksi. Ndani mna kanda za video kumi na nne, zile nyeusi za zamani, harusi yake na watoto wakiwa wadogo. Anataka filamu moja nzuri. Nikasema siku mbili tu. Akauliza kama nitamwita shemeji anisaidie. Nikamwambia tusimsumbue, ana shughuli zake.

Kazi nyepesi hii. Kanda si video za simu, hazihitaji kukonvatiwa wala nini. Nimeigeuza laptopu juu chini kutafuta pa kuingizia. Bado sijapaona, lakini nina bisibisi.