Vifungo vya Dhahabu kwenye Chupa Yangu

Jumapili, 5 Juni

Nafasi imetoka! Hospitali ya jamii kule kilimani inatafuta daktari mkuu wa wodi ya watu wazima. Hospitali ile ile inayopewa nyota tano kila mwaka, ambayo wagonjwa wakitoka wanaisifu mpaka unatamani kuziba masikio. Nyumba ya daktari mkuu imo ndani ya uzio. Ina baraza. Ina paa lisilovuja! Mimi hapa kwangu, hospitali ya stendi, juzi namsikiliza mgonjwa mapigo ya moyo, tone la mvua likanidondokea kisogoni.

Nilishaomba kimya kimya. Kesho naitwa. Leo ndiyo nimemwambia mke wangu, akafurahi, halafu akaharibu kila kitu. Eti amesikia Tabasamu naye kaitwa.

Tabasamu! Jina lake halisi silitaki humu ndani. Tulisoma udaktari pamoja. Ni yule ambaye akionyesha meno tu, mwalimu anasahau swali alilouliza. Mimi ndiye niliyemfundisha kutafuta mshipa wa damu. Mimi! Siku zile mkono wake unatetemeka, sindano inacheza. Leo ana gari, viatu vinang'aa, na popote alipofanya kazi wauguzi humwita daktari wetu. Mimi huitwa yule mwingine.

Mama mkwe alikuja kula mchana, kama kila Jumapili. Sweta mbili, na jua lote lile! Sauti imemkwaruza, uso umemvimba, na ananijibu polepole, neno moja moja, kama anaongea na mjinga. Chakula kakigusa tu, na bado ananenepa. Nikiwa katikati ya kueleza mipango yangu, akasinzia kitini. Dharau tupu. Huyu mama hajawahi kunipenda.

Jumatatu, 6 Juni

Nimevaa tai. Tabasamu hakuvaa, na bado kapendeza. Haki iko wapi?

Mkurugenzi ni mama mfupi, miwani kaipandisha kichwani na muda wote anaitafuta. Alitueleza kwamba vyeti vyetu vinafanana, kwa hiyo havimsaidii. Tutafanya kazi wodini wiki nzima, kila mmoja na vitanda vyake, na wagonjwa ndio watakaochagua. Huo ndio utaratibu wa hapa tangu zamani. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, matroni humpa kifungo cheupe cha shati, kutoka chumba cha ushonaji. Pale mlango wa kutokea zimepangwa chupa za kioo zenye mdomo mpana, kila daktari na yake, picha imebandikwa. Mgonjwa anatumbukiza kifungo kwa yule aliyemhudumia vizuri. Basi.

Chupa za kioo! Kila apitaye anaona! Mchana kutwa nimekuwa nikipita pale nikijifanya naenda kuchukua glavu. Ya Tabasamu inalia ting, ting, ting. Ndani ya yangu aliingia nzi, akazunguka, akatoka.

Tabasamu alinikumbatia mbele za watu. Akamuulizia mke wangu, akamuulizia mama mkwe, akasema amefurahi sana kufanya kazi na mimi tena. Mnafiki mkubwa. Nani anafurahi kumwona mpinzani wake? Mimi nilisema hivyo hivyo, lakini angalau mimi nilikuwa nadanganya. Kila aendako ana chupa kubwa ya maji kwapani. Maringo.

Jumanne, 7 Juni

Nimemchunguza kutoka nyuma ya pazia. Siri yake nimeipata! Hasimami. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anamshika mgonjwa mkono, ananyamaza mpaka mgonjwa amalize kusema. Hilo tu! Na kwa hilo wanampa vifungo!

Nami nikaamua kukaa. Nikachagua kitanda cha dereva wa lori, mtu mkubwa, mcheshi, anayetarajiwa kwenda nyumbani leo. Nikatabasamu. Nikakaa. Nilikuwa nimesahau kwamba chini ya shuka mguu wake uliovunjika una plasta.

Yule bwana alipiga ukelele uliowatoa wapishi jikoni. Mimi nikaruka, nikaangusha stendi ya maji ya mshipa. Na ni nani aliyekuja mbio kumtuliza? Akamshika mkono. Akamwambia kwamba daktari mwenzake ana roho ya upendo ila uzito ndio umezidi. Wodi nzima ikacheka, na dereva akacheka huku machozi yakimtoka. Jioni kifungo chake nikakisikia. Ting. Si kwangu.

Jumatano, 8 Juni

Nimewaza nikaona kwamba wagonjwa wanaonipenda ni wengi, ila wana aibu. Wanahitaji kuona wenzao wameanza. Si udanganyifu huo. Ni kuwafungulia njia.

Vifungo vyeupe matroni anavibeba mfukoni na mfuko anaufunga kwa pini. Nikafikiria mashati yangu. Halafu nikajiambia, nyeupe kwa nini? Nyeupe anapewa kila mtu! Mke wangu ana gauni moja la sherehe, la kijani, lina vifungo vya rangi ya dhahabu kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Halivai mara kwa mara. Nimevikata vyote kwa mkasi wa kushonea vidonda. Kazi safi, hata uzi haukubaki. Gauni nimelirudisha kabatini, nikalificha nyuma ya makoti.

Saa ya chakula cha mchana, mlangoni hapakuwa na mtu. Nimevitumbukiza kimoja kimoja nisikie raha yake. Chupa yangu inawaka! Ya Tabasamu imejaa, lakini imejaa unga wa muhogo ukilinganisha na yangu.

Alhamisi, 9 Juni

Matroni ameuliza. Ni mama mrefu, hana haraka, anakutazama mpaka unakumbuka dhambi zako. Nikamwambia kuna mgonjwa mmoja tajiri, mwenye shukrani nyingi, kifungo kimoja alikiona hakitoshi, akang'oa vya koti lake mwenyewe. Matroni akasema katika wodi hii hakuna aliyeingia na koti. Nikamwambia alikuja kwa siri. Akaitikia kwa kichwa, taratibu mno. Akasema ngoja tuone. Sikuipenda ile ngoja tuone.

Tabasamu naye akaja kunipongeza kwa vile vifungo! Akasema hajawahi kupata mgonjwa wa namna hiyo. Nilimtafuta kejeli usoni, sikuiona. Ameificha vizuri sana huyu.

Mpango mpya, na huu hauna kasoro. Mama mkwe! Kesho anakuja kama mgonjwa wa kifua. Nitampokea, nitamshika mkono, nitampa nafuu mbele ya wote. Yeye atanisifu kwa sauti. Wodi itasikia, vifungo vitamiminika. Jioni nimekwenda kwake kumfundisha. Kifua kinabana, upande wa kushoto, maumivu yanashuka mkononi. Nimemwahidi chumba chake mwenyewe katika nyumba ya daktari mkuu. Alinitazama muda mrefu, amejifunika blanketi juu ya sweta. Kisha akasema, polepole kama kawaida yake, sawa mkwe wangu. Dharau ile ile. Lakini amekubali.

Ijumaa, 10 Juni

Balaa.

Mke wangu alimleta mama yake asubuhi. Mke sikumwambia mpango, kwa hiyo yeye aliamini kifua kinauma kweli, akaja analia. Nikatoka na mikono miwili kumpokea mgonjwa wangu. Matroni akaninyooshea kidole kimoja. Hapa wagonjwa hawachaguliwi, wanagawiwa kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Tabasamu!

Nilijificha nyuma ya pazia. Mama mkwe akaanza vizuri, kifua kinabana. Upande gani? Wa kulia. Mbona ameshika wa kushoto? Basi pande zote. Na maumivu yanashuka mguuni. Nilijipiga kofi kwenye paji la uso, pazia likatikisika.

Tabasamu hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Akamuuliza sweta mbili za nini. Mama akasema baridi haimtoki siku hizi, hata juani. Akamuuliza sauti hii ni yake ya siku zote? Siyo. Akamshika shingo, akamwambia ameze mate. Akatazama ngozi ya mikono, imekauka. Akauliza kuhusu usingizi, kunenepa bila kula, na kuongea polepole. Mama akasema maneno anayajua, ila yanachelewa kufika.

Damu ikaenda maabara. Mchana majibu yakarudi. Tezi ya shingoni imelegea, haifanyi kazi yake. Kidonge kimoja kila siku, na atarudi alivyokuwa.

Mke wangu akabubujikwa na machozi. Alidhani mama yake anazeeka tu, anaondoka kidogo kidogo. Akamshukuru Tabasamu mpaka nikaona inatosha. Kisha akanigeukia. Akauliza, mbele ya matroni, mimi daktari nimekuwa nikikaa na mama yake mezani kila Jumapili nikitazama nini? Nikajibu kwamba Jumapili huwa siko kazini.

Jibu hilo halikupokelewa vizuri.

Nikawasindikiza haraka mpaka mlangoni, nikiomba Mungu wapite wakitazama mbele. Mama mkwe akapewa kifungo chake cheupe. Mke wangu akainama kumwonyesha chupa. Akabaki ameinama. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama lile gauni lake la kijani bado lina kitu chochote kinacholifunga.

Jumamosi, 11 Juni

Tabasamu kaipata. Moyo unauma! Unauma kabisa, kifua kinabana, upande wa kushoto. Nyumba yenye baraza ni yake. Kiti cha ngozi cha daktari mkuu ni chake. Mkurugenzi alinimiminia vifungo vya dhahabu kiganjani na kuniambia yule mgonjwa wa siri akirudi, nimrudishie vya koti lake.

Nikawa nashika mkoba niondoke. Akaniambia nikae. Tabasamu amekubali kazi kwa sharti moja, nami niwe msaidizi wake. Ameapa kwamba mkono wangu kwenye sindano hauna mfano, na akamwambia mkurugenzi na matroni, wote wakisikia, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kutafuta mshipa.

Miaka yote nimelitaka neno hilo lisemwe. Na nani kalisema? Yeye! Hata sifa yangu kaitoa yeye, akitabasamu! Ni njama. Anataka niwe karibu ili anione nikiteseka. Nimekubali hapo hapo, ila kwa ukali. Kuna nyumba ya msaidizi, ndogo, paa zima. Dirisha lake linatazama baraza la Tabasamu.

Jumapili, 12 Juni

Nimeshinda nikishona vifungo. Mke wangu amesimama juu yangu na kusema kilichopinda nikikate nianze upya. Nina mkono usio na mfano, nikamkumbusha. Akasema basi usipinde.

Mama mkwe alikuwa ametulia pembeni. Akanifichulia kwamba kifungo chake cheupe alikitia kwenye chupa yangu. Nisingempeleka kule kwa uongo wangu, ugonjwa wake usingejulikana. Kisha akasinzia. Nimefurahi sana! Kumbe hata mgonjwa wa Tabasamu mwenyewe alinipigia kura mimi. Nilijua watu wana aibu tu.

Jumatatu, 18 Julai

Zaidi ya mwezi sasa niko hospitali ya nyota tano. Mama mkwe kapona kabisa. Sweta katupa. Anaongea haraka mno, bila kupumzika, na yote ni makosa yangu. Nimeikumbuka ile tezi iliyolegea.

Leo nimeng'ara! Mzee wa kitanda cha dirishani alikuwa hajajulikana anaumwa nini tangu juzi. Nikamtazama mara moja. Anakonda, kiu haimwishi, kila mara chooni. Nikasema sukari, pimeni. Wakapima. Sukari iko juu mawinguni! Matroni akasema nina jicho. Nikamwambia mambo haya hata mtoto angeyaona.

Tabasamu kanipongeza, lakini kwa unyonge. Hana raha siku hizi. Ile chupa ya maji haimtoshi tena, sasa anabeba mbili. Suruali imemlegea, mkanda kauongezea matundu. Kila nikimtafuta yuko chooni. Kila mara! Daktari mkuu gani huyu? Uvivu mtupu. Mimi ningekuwa mkuu, msaidizi wa namna hiyo ningemwandikia onyo.

Alipotoka tena mchana huu, nikaenda kukaa kwenye kiti chake cha ngozi. Matroni akaingia. Nikainuka nikasingizia natafuta kalamu. Lakini hakujali kiti. Akaniuliza kwa wasiwasi, mimi mwenye jicho, sijaona jinsi daktari wetu anavyokwisha?

Nikamwambia nimeona, tena kabla yao wote. Ni wivu unaomla. Tangu asubuhi kila mtu anamsifia msaidizi, yeye atanenepa vipi?

Matroni akatoka mbio sijui kwenda wapi. Nikarudi kitini. Kimenienea.