Pedeli Kwenye Boksi la Kofia

Jumatano, 7 Machi 1973
Jamani, binti yangu Verlene! Bendi ya roki ya wazungu wa Kalifonia imekuja studio ya hapa kwetu Alabama kusaka mpiga kinanda, naye Verlene anajaribiwa Ijumaa. Akiwapendeza, wanaondoka naye. Miaka kumi na tisa tu! Nani atamkumbusha kula? Nimemwambia nimefurahi. Mdomo umefurahi. Moyo hautaki.

Alhamisi, 8 Machi
Nimepata dawa! Kinanda chake cha umeme kina pedeli moja. Akiikanyaga, sauti inabaki inaelea kama kiitikio cha kanisani. Bila pedeli, noti zinakatika. Alipoingia kuoga nikaichomoa. Iko kwenye boksi la kofia yangu ya Jumapili. Nani atathubutu kugusa kofia ya mama wa kanisa? Mungu nisamehe, nitaoka keki ya sadaka.

Ijumaa, 9 Machi
Nimewapelekea studio kuku wa kukaanga. Kuku kisingizio, nilitaka kuona. Verlene katafuta pedeli mpaka machozi yakamlengalenga. Mpiga dramu wa bendi akamtania eti dada, umekuja na gari halina breki? Nusura niseme. Nikatia paja la kuku mdomoni.
Akapiga hivyo hivyo. Noti fupifupi, mkono wa kushoto ukijivuta nyuma ya dramu, kama mtu anayemeza kilio mbele za watu. Wimbo ni wa mwanamume aliyeachwa, lakini mimi niliona kaburi la baba yake Verlene. Ndivyo nilivyopumua siku tuliyomzika, pumzi fupifupi. Nikaangua kilio! Jirani yangu Odessa, niliyekuja naye, akanifinya, eti Hattie, nyamaza, wanarekodi!
Mkuu wa bendi akaruka: ni huyu huyu! Maskini mimi, nimemsafirisha mwanangu kwa mikono yangu.

Jumamosi, 10 Machi
Asante Yesu! Mkuu anasema sauti ile akiihamishia Kalifonia itakauka. Bendi nzima inabaki, watarekodi hapa hapa mpaka kiangazi. Na pedeli ikionekana, itupwe mtoni! Nimepika sukuma na mkate wa mahindi wa kulisha kwaya. Kisha nikalala mchana fofofo, kama mtoto aliyenyonya.

Jumapili, 11 Machi
Nilisahau kofia huvaliwa. Verlene kanifungulia boksi mwenyewe. Akaiona pedeli. Halafu akacheka mpaka akakaa chini, akasema Mama, si ungeniambia tu kwamba unaogopa? Nikamkumbatia, nikaapa: hila basi, mwisho leo.
Kanisani yule mpiga dramu kaja, kaketi ubavuni mwa Verlene, anamsimulia bahari ya Kalifonia ilivyo nzuri. Nimemkaribisha chakula. Viatu kaviacha barazani.
Boksi sasa lina nafasi ya jozi moja.