Nusu Bei ya Miavuli

Profesa hakuwahi kukanyaga chuo chochote. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo. Asubuhi hiyo alikuwa amejilaza anaperuzi soko la mtandaoni, akamwona mama mmoja muuza miavuli, ndiyo kwanza ametoka genge la barabarani na kufungua duka kwenye simu. Miavuli mizuri, picha mbaya, mteja hata wa dawa hana. Profesa akainuka. Akampigia.

"Shikamoo mama. Mimi Profesa, mshauri wa biashara. Mwavuli mmoja unaupata kwa bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Mia saba. Nauza elfu."

"Ndiyo maana umedoda! Weka punguzo la nusu. Watu wakiona asilimia hamsini wanapagawa. Faida itakuja kwa wingi wa wateja."

Wewe unayejua kutoa na kujumlisha umeshashtuka. Kitu cha mia saba ukikiuza mia tano, kila mwavuli unaondoka na mia mbili zako, na ukiuza mingi ndivyo unavyofilisika haraka. Profesa alilijua hilo vizuri sana. Alitaka ainunue yote kwa mia tano, aje aiuze mia tisa mvua zikianza. Mtaji? Hela za mama mkwe, alizomkabidhi amnunulie mabati, maana paa lake lilivuja mpaka sufuria za kukingia zilikwisha. Mabati mama mkwe angeyafuata Jumamosi. Profesa alikuwa anaazima tu, jamani, msimwite mwizi.

"Weka na ile saa inayohesabu muda uliobaki," akaongeza, "halafu andika bidhaa ya punguzo hairudishwi. Wateja watakuheshimu."

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Jioni tangazo likatoka, jekundu: NUSU BEI! Saa inakimbia. Presha ikampanda Profesa. Je, akitokea mjanja mwingine? Bei hakuitazama, ya nini, na kaipanga mwenyewe? Akabonyeza "nunua yote", akaweka namba ya siri, akakata mauno peke yake sebuleni bila muziki.

Ujumbe wa benki ukaingia. Salio lililobaki halikutosha hata kiberiti. Mauno yakakoma. Akafungua risiti: kila mwavuli, elfu moja na mia mbili. Akampigia muuza miavuli.

"Mama! Ulipandisha bei?"

"Sasa mwanangu, ukitaka kumpunguzia mtu si unapandisha kwanza? Miaka yote gengeni nafanya hivyo. Nikaweka elfu mbili na mia nne, nikakata nusu. Nilidhani mshauri unajua!"

"Kuna... kuna mteja anataka kurudisha."

"Hairudishwi, si ulinifundisha mwenyewe? Kesho naleta mzigo mpya, nauza elfu yangu ya kila siku. Yaani wewe ni kichwa, Profesa!"

Jumamosi mvua ilikuwa imeshaanza. Mama mkwe akaingia amelowa, akakuta maboksi hadi mlangoni na bati hata moja hakuna.

"Mama, huu ni uwekezaji..." Profesa akaanza.

Mama mkwe hakufoka, na hapo ndipo Profesa alipoogopa kwelikweli. Alipasua boksi, akafungua mwavuli, akaukagua juu na chini.

"Huu wa kitandani, nauchukua. Na huu wa jikoni. Vaa viatu, mkwe wangu, tuondoke. Wa sebuleni utanishikia wewe mpaka mvua ziishe."